Uzi Usioonekana: Kuhakiki Chemsha Bongo Moja ya Sitalike

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia shairi, riwaya na tamthilia, na mara mojamoja hushuka hadi kwenye methali na vitendawili. Chemsha bongo haimo katika orodha hiyo. Aghalabu huhesabiwa kuwa mchezo wa kupitishia wakati, mali ya kurasa za nyuma za magazeti na ya vipindi vya redio baina ya taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji. Katika makala haya namwomba msomaji aniruhusu nihakiki chemsha bongo moja tu, yenye maswali kumi, kama ambavyo ningehakiki shairi la beti kumi. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba chemsha bongo hiyo imetungwa, kwa maana kamili ya neno hilo. Ya pili ni kwamba ilinishinda, na ilinishinda katika neno la lugha yangu mwenyewe.

Nilikutana nayo Sitalike. Kwa wasiopajua, Sitalike ni kijiji kilicho yapata kilomita 35 kusini ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ndilo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Barabara ya kwendea Sumbawanga hupita hapo, na Mto Katuma nao hupita hapo, na wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, viboko hubanana katika madimbwi yaliyobaki hata mgeni hawezi kuwahesabu. Mimi nilikuwa nangoja gari. Jioni ile, kwenye benchi la mbele ya duka, mwalimu mmoja wa skuli ya hapo alikuwa akiwasomea watu maswali kutoka katika daftari. Palikuwa na wanafunzi kiasi cha kumi, wazee wawili watatu, na madereva waliokatikiwa na safari kama mimi. Mwalimu alisema ameyatunga mwenyewe, na kwamba yana siri ndani yake. Alinikubalia niyanakili. Haya hapa, kama yalivyo:

1. David Livingstone, aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, alizaliwa nchi gani?

2. Ni kitu gani kilichochimbwa Tendaguru, Lindi, baina ya mwaka 1909 na 1913, kikapelekwa Berlin?

3. Ni balozi gani wa Waingereza aliyembana Seyyid Barghash mpaka akatia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Unguja?

4. Tanganyika ilipata nini tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963?

5. Bahari iliyo baina ya kisiwa cha Borneo na visiwa vya Ufilipino inaitwaje?

6. Neno "volkano" limetokana na jina la mungu gani wa moto wa Warumi wa kale?

7. Ni daktari gani wa Marekani aliyetoa, mwaka 1946, kitabu mashuhuri cha malezi ya watoto?

8. Ni mwandishi gani wa Urusi, naye pia alikuwa daktari, aliyefariki mwaka 1904, na anayesifika kwa hadithi fupi na tamthilia?

9. Ni neno gani la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, ambalo Wazungu wamelichukua kwa maana ya kwenda porini kutazama wanyama?

10. Majibu tisa yaliyotangulia yamepanda chombo kimoja. Ni chombo gani?

Msomaji anayependa kujipima na asite hapa kidogo kabla ya kuendelea.

Majibu ya maswali tisa si magumu kwa mkusanyiko wa watu wenye umri na elimu mbalimbali, na hapo benchini yalipatikana yote. Uskochi ulijibiwa na watoto kwa pamoja. Mifupa, yaani mifupa ya madainasori, ilijibiwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Lindi; alieleza kwamba mnyama mmoja wa huko amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Uhuru haukuhitaji kufikiriwa. Bahari ya Sulu ilipatikana na kijana aliyekuwa na atlasi ya skuli. Vulcan alitajwa na mwanafunzi wa sekondari aliyemsikia katika somo la jiografia, na safari ilitajwa na dereva wa watalii, ambaye nani angeijua zaidi kuliko yeye? Mimi nilijibu yaliyobaki: John Kirk, kwa kuwa hakuna mtu wa Unguja aliyesoma historia asiyemjua, Benjamin Spock, na Anton Chekhov. Swali la kumi ndilo lililowakwamisha wote. Mwalimu alifanya kama afanyavyo mtega kitendawili: akadai mji. Watoto wakampa Mpanda, akaukataa. Wakampa Sumbawanga, akaukataa pia.

Hapo ndipo mimi nilipoingia kwa kiburi changu. Jibu nilikuwa nalo tangu swali la saba. Kirk peke yake ni balozi tu, na Sulu peke yake ni bahari tu. Lakini Kirk, Sulu, Vulcan na Spock wakikaa pamoja hawawezi kuwa kitu kingine ila Star Trek, mfululizo wa televisheni ya Marekani uliobuniwa na Gene Roddenberry, ukaanza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966 na kumalizika mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Nahodha wa chombo anaitwa Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye baba yake ni mtu wa sayari ya Vulcan. Daktari wao hubandikwa jina la utani la Mifupa, mhandisi huitwa Scotty kwa Uskochi wake, na washika usukani na dira ni Sulu na Chekov. Safari ni tafsiri ya neno la pili la jina la mfululizo wenyewe. Chombo chenyewe ni Enterprise. Nikajibu hivyo kwa sauti, na kwa kuwa mhakiki hashibi kwa kujibu tu, nikaongeza: "Ila swali lako la nne limepotea njia, mwalimu. Majibu yote mengine yana mahali pake chomboni, lakini uhuru hauna."

Mwalimu hakubishana. Aliniuliza kwa upole: "Yule dada wa mitambo ya mawasiliano, mzee wangu, anaitwa nani?"

Nikasema: "Uhura."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha msichana mmoja wa skuli, ambaye hakuwahi kuusikia mfululizo huo mpaka dakika ile, akacheka na kusema: "Si ni uhuru huo huo, wamebadilisha mwisho tu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa lilikuwa wapi: katika karatasi ya mwalimu, au katika sikio langu? Makala haya ni jaribio la kujibu.

Tuanze na fani. Katika Kiswahili kitenzi "kutunga" kina kazi nyingi. Kupitisha uzi katika shanga ni kutunga; kupitisha ukili katika matamvua ya samaki ni kutunga, na samaki hao huitwa mtungo; na kuandika shairi ni kutunga vilevile. Lugha yenyewe imekwisha kutupa kipimo cha uhakiki. Katika mtungo uzi lazima uwepo, uwe madhubuti, na usionekane kabla ya shanga. Na kila shanga lazima iwe na thamani yake hata uzi ukikatika. Chemsha bongo ya kawaida haina uzi: ni shanga zilizomwagwa sakafuni, moja ya soka, moja ya jiografia, moja ya dini, na msomaji huziokota moja moja. Chemsha bongo ya Sitalike ni mtungo. Anayejibu tisa na kushindwa ya kumi anabaki na shanga tisa nzuri mkononi: Tendaguru, Barghash, Chekhov. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana watungaji wengi wa maswali yenye siri hujali siri tu, na maswali yao huwa ni makapi ya kuifunika.

Kwa kipimo hicho shanga hizi hazilingani. Swali la tatu ni zuri kupita mengi. Kirk wa televisheni na Kirk wa Unguja ni watu wawili tofauti waliokutana kwa jina. Lakini yule wa Unguja ana uzito wake wa kihistoria, na athari yake ipo hadi leo hata msituni, kwani kima punju wa Jozani anabeba jina lake katika elimu ya viumbe. Msomaji wa visiwani analijibu kwa kujiamini, na kujiamini huko ndiko kunakomfanya asishuku kwamba jina hilo linampeleka mbali. Swali la tano nalo lina uhalali mkubwa, kwa sababu Roddenberry alilichukua jina la Sulu kutoka katika bahari hiyohiyo. Swali la pili ni la werevu: jibu ni neno la kawaida kabisa, mifupa, lililojificha ndani ya habari nzito ya urithi uliochukuliwa na Wajerumani. Swali la kwanza ni dhaifu, kwa kuwa baina ya Uskochi na Scotty pana hatua moja zaidi ya kuruka kuliko mahali pengine. Maswali ya sita na ya tisa yanamkosea adabu mtunzi mwenyewe, maana swali la kumi linadai kwamba majibu yote "yamepanda" chombo. Ilhali Vulcan ni sayari, na safari ni mwendo wenyewe. Wala chombo hakiwezi kupandwa na mwendo wake. Mwalimu angesema "yanahusiana na chombo kimoja" asingekuwa na lawama.

Hayo ni ya fani. La maudhui ni zito zaidi, na ndilo linalotutenganisha na kitendawili.

Mtu anapotega kitendawili, kitu kinachofumbwa kimo machoni pa wote. Yai huitwa nyumba isiyo na mlango, na mtoto ambaye hajawahi kulisikia fumbo hilo anaweza kulifumbua kwa kutazama yai. Mtega na mteguaji wana ulimwengu mmoja. Mmoja wao ameutazama upya, basi. Ndiyo maana jibu likitajwa, aliyeshindwa husema "kumbe!" wala hasemi "hayo mimi sikufundishwa". Mji unaodaiwa ni utani, lakini ni utani wenye haki ndani yake: umeshindwa kukiona kilichokuwa mbele yako, basi lipa.

Chemsha bongo yenye uzi wa televisheni haina haki hiyo. Werevu wa mtu hauwezi kumpa Enterprise kama hajawahi kukaa mbele ya kioo kinachoionyesha. Na vioo havikugawanywa sawa katika nchi hii. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi, wakati ambapo Bara serikali ilikuwa imeamua kutokuwa nayo. Vituo vya kwanza vya huko, vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994. Kwa hivyo mtu wa umri wangu aliyekulia mjini Unguja aliizoea televisheni na baadaye kanda za video, na mtu wa umri huohuo aliyekulia Mpanda alikuwa na redio. Nilipojibu swali la kumi sikuonyesha akili. Nilionyesha mahali nilipokulia. Watoto walioombwa mji kwa kushindwa swali lile walitozwa deni wasilolikopa.

Lingeishia hapo, hukumu yangu juu ya karatasi ya mwalimu ingekuwa kali: mtungo mzuri, uzi wa kuazima. Lakini lipo swali la nne, na swali la nne linaipindua hukumu.

Habari ya jina la Uhura inajulikana kutoka kwa mwigizaji mwenyewe, Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iliyotoka mwaka 1962, inayohusu Kenya ya wakati wa kudai kujitawala, na jina la riwaya hiyo ni Uhuru. Roddenberry alilipenda neno. Wakalilainisha mwisho ili lifae kuwa jina la mwanamke, likawa Uhura. Mhusika huyo akafanywa kuwa mtu wa Afrika, na Kiswahili kikawa lugha yake. Nichols alisimulia pia kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo baada ya mwaka wa kwanza, Martin Luther King alimsihi abaki, kwa kuwa mwanamke mweusi mwenye cheo chomboni, asiyekuwa mtumishi wa mtu, lilikuwa jambo ambalo watazamaji wa Marekani hawakulizoea.

Kiswahili chenyewe kilisikika tangu jioni ya kwanza. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966 kuna kiumbe kinachoishi kwa kufyonza chumvi ya miili ya watu, nacho kina uwezo wa kujigeuza sura. Kinapomtaka Uhura kinajigeuza kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata kuna sehemu nyingine ambamo mashine inafuta kumbukumbu zote za Uhura, ikabidi afundishwe kusoma upya; naye anapokwama katika Kiingereza anarudi kwenye Kiswahili. Nadhani mhakiki wa Kiswahili ana haki ya kusita mbele ya matukio haya mawili. Katika la kwanza lugha yetu ni chambo: zimwi limeng'amua kwamba njia ya kumfikia mtu ni lugha ya kwao. Katika la pili lugha yetu ndiyo tabaka la chini kabisa, kile kinachobaki mtu akisahauliswa kila kitu. Waandishi wa Hollywood hawakuijua lugha hiyo, lakini walielewa jambo moja kuihusu, kwamba ni kwao mwa mtu.

Sasa tazama kilichonipata mimi. Jina hilo nimelisikia kwa miaka. Nimelisikia kwa matamshi ya Kimarekani, nikalipokea kama jina la kigeni, pamoja na Spock na Chekov, wala haikunipitikia kulivua vazi lake na kuliangalia. Msichana wa Sitalike alilisikia mara moja tu, kwa mdomo wa mwalimu wake na wangu, na akaliona papo hapo. Yeye hakuwa na uzi. Alikuwa na neno. Mimi nilikuwa na uzi mzima, nikakosa neno. Kwa maneno mengine, swali la nne ndilo pekee katika karatasi ile lililo kitendawili cha kweli. Kilichofichwa kilikuwa mbele ya wote, na aliyestahili kutozwa mji alikuwa mimi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani angepaswa kuliona haraka. Uhura, kwa sikio la Kiswahili, limepungukiwa na herufi moja tu kuwa Zuhura, jina la mabinti wengi wa kwetu, ambalo pia ni jina la sayari ing'aayo alfajiri na magharibi. Waliolitengeneza jina hawakukusudia hivyo. Lakini lugha ikikopwa huwalipa wakopaji kwa njia zake, nao bila ya kujua walikaribia mno kumpa mwanamke wa anga jina la nyota ya kweli. Na jina lake la kwanza, lililotajwa kwenye filamu ya mwaka 2009 baada ya kutumika katika vitabu, ni Nyota.

Wala tusidhani kwamba neno uhuru lilikwenda angani kwa mchezo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyokuwa mwenyeji, setilaiti ilipewa jina la Uhuru, bila ya kubadilishwa hata herufi. Uchunguzi wake ulisaidia kuonyesha kwamba mahali panapoitwa Cygnus X-1 huenda pana shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hivyo miaka minne tu baada ya uhuru wa televisheni kuingia katika chombo cha kubuni, uhuru wa kweli uliingia katika obiti ukitokea katika maji yetu. Kama mwalimu angenitaka ushauri, ningemwambia alitupe swali la kwanza, lile la Livingstone, na mahali pake aulize: ni neno gani la Kiswahili lililorushwa angani kutoka Malindi mwaka 1970? Kisha swali la nne lingekuwa na mwenzake, na mwenye kujibu angepata jibu moja mara mbili akajiuliza kwa nini.

Je, inawezekana basi kutunga fumbo la anga ambalo uzi wake ni wetu tangu mwanzo? Inawezekana, na limekwisha kutungwa. Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, alitoa mwaka 1995 riwaya ya Walenisi. Ndani yake Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo na kurushwa angani, na badala ya kuangamia anafika katika ulimwengu ulio na utaratibu mwingine kabisa wa maisha. Msomaji anaweza kusoma kurasa nyingi akiamini kwamba Walenisi ni jina la kubuni la watu wa sayari ya mbali. Kisha siku moja analitamka polepole, na linakatika lenyewe vipande vitatu: wale, ni, sisi. Hakuna televisheni inayohitajika. Hakuna atlasi. Aliyekulia Mpanda na aliyekulia Mji Mkongwe wana nafasi sawa, kwa kuwa ufunguo ni lugha waliyonyonya. Riwaya hiyo ina udhaifu wake, hasa pale mafunzo yanapoizidi nguvu hadithi, lakini kwa jina lake pekee imetimiza sharti la kitendawili kuliko maswali tisa ya Sitalike.

Na Sitalike nako kuna anga yake. Hifadhi iliyo pale mlangoni inasimuliwa kuwa imepata jina kutokana na Katabi, mzimu wa mwindaji wa kale, na karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaosemekana kuwa makao yake, ambapo watu huweka sadaka kuomba baraka. Hapa pana mtu asiyeonekana, mahali anapokaa, na jina lililobadilishwa herufi moja na wenye ramani, kutoka Katabi hadi Katavi. Mwalimu anafundisha hatua chache kutoka hapo. Uhuru ukawa Uhura, Katabi akawa Katavi: mtungaji aliyeona la kwanza anaweza kuliona la pili, na nina tamaa ya kusoma karatasi yake ya pili, ambayo uzi wake utaanzia mkwajuni na kwenda popote unapotaka, hata angani.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama mchezo wa maarifa, karatasi ya Sitalike inawapendelea wachache, na mtunzi wake hana budi kulijua hilo anapowaomba watoto mji. Kama mtungo, ni kazi ya mtu mwenye jicho, yenye shanga mbili tatu za kusita na nyingine za kuweka hazinani. Na katika swali lake la nne inafanya jambo ambalo mashairi mengi tunayoyasifu kwenye majarida yetu hayalifanyi: inamrudishia msomaji neno lake mwenyewe, naye akaona haya kwa kutolitambua. Tunalalamika mara kwa mara kwamba wageni wanayachukua maneno yetu. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini neno hili lilitoka, likazunguka dunia nzima, likarudi nyumbani kwenye kioo cha televisheni, na mimi mwenyeji nikalifungulia mlango kama mgeni.

Gari ilifika saa mbili usiku. Kabla sijapanda mwalimu alinishika mkono akasema kwamba haki ni haki, nimeshindwa swali la nne, basi nimpe mji. Nilimpa Unguja. Watoto walipiga makofi, naye akaupokea bila ya kuukataa. Mpaka leo ni wake.